Leopards: namna Desabre alivyotengeneza tena timu iliyokuwa imeanguka, na kazi iliyobaki mbele ya Mexico

Siku ya yenga tarehe 16 mwezi wa kumi na moja 2025, kwenye uwanja Moulay Hassan wa Rabat, muda wa nyongeza ulikuwa karibu kuisha kati ya Leopards ya DRC na Super Eagles ya Nigeria. Magoli yalikuwa 1-1. Pale pale, kocha Sébastien Desabre alimtoa kipa wake Lionel Mpasi na kumwingiza Timothy Fayulu. Mpasi hakuwa ameumia, wala hakuwa amefanya kosa. Kocha aliona tu kwamba penalti zinakuja, na alikuwa na mtu aliyemweka pembeni kwa ajili ya kazi hiyo.

Dakika chache baadaye Fayulu aliokoa mkwaju wa Semi Ajayi. Kapiteni Chancel Mbemba akachukua mpira, akaupeleka wavuni, na DRC ikashinda kwa penalti 4-3. Nigeria, pamoja na nyota zake zote, ikarudi nyumbani. Leopards wakabakiza mechi moja tu, iliyopangwa kuchezwa Mexico mwezi wa tatu 2026, ili kurudi katika Kombe la Dunia ambalo inchi ilikuwa haijalicheza tangu 1974, wakati ilipokuwa bado inaitwa Zaire.

Mashabiki wengi wanakumbuka penalti ya Mbemba. Lakini kile kitendo cha kubadilisha kipa dakika za mwisho kinaonyesha zaidi kazi iliyofanyika ndani ya timu hii. Ni timu iliyojifunza kupanga mambo mapema. Miaka 3 na nusu kabla ya usiku ule, haikuwa na mpango wowote ulioonekana.

Mwezi wa sita 2022: mechi mbili, pointi sifuri

Ili kuelewa mabadiliko, lazima kurudi nyuma. Mwezi wa tatu 2021, chini ya kocha Christian Nsengi, Leopards walipigwa 3-0 na Gabon kule Franceville na kukosa tiketi ya Kombe la Afrika. Gambia, inchi ndogo ambayo ilikuwa haijacheza CAN hata siku moja, ndiyo iliyopita katika kundi lile pamoja na Gabon.

Viongozi wakatafuta jina kubwa. Walimleta Héctor Cúper, Muargentina aliyefikisha Valencia kwenye fainali mbili za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, na aliyeipeleka Misri katika fainali ya CAN 2017 na katika Kombe la Dunia 2018. Chini yake, DRC ilifika hatua ya mwisho ya kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia la Qatar. Kinshasa, tarehe 25 mwezi wa tatu 2022, Yoane Wissa alifunga goli la kwanza dhidi ya Morocco, lakini mechi iliisha 1-1. Siku nne baadaye kule Casablanca, Morocco ilifunga magoli 4 na DRC ikapata moja tu.

Mambo hayakuishia hapo. Siku ya posho tarehe 4 mwezi wa sita 2022, Gabon ilikuja Kinshasa na kushinda 1-0 katika mechi ya kwanza ya kufuzu kwa CAN 2023. Tarehe 8, Sudan ikashinda 2-1 kule Omdurman. Mechi mbili, pointi sifuri, na timu iko chini kabisa ya kundi. Hatari ilikuwa wazi: kukosa CAN mara ya pili kwa kufuatana. Cúper akaenda.

Tatizo halikuwa ukosefu wa wachezaji. Karibu watu walewale walikuwa wanacheza vizuri katika vilabu vyao Ufaransa, Uingereza, Uturuki na kwingineko. Tatizo lilikuwa kwamba wakifika kwenye timu ya taifa, kila mmoja alicheza mpira wake. Washambuliaji walikwenda mbele, walinzi wakabaki nyuma, na katikati kukawa na uwanja mkubwa ambao mpinzani yeyote aliweza kupita. Timu ilifungwa goli moja, kisha ikapoteza kichwa.

Kocha aliyewahi kuwapiga Leopards

Mwezi wa nane 2022, kazi ilipewa Mfaransa Sébastien Desabre. Jina lake halikuwa kubwa kama la Cúper. Alikuwa ametoka kufundisha Niort, timu ya ligi ya pili ya Ufaransa, na wako watu waliouliza kama mtu wa namna hiyo anaweza kuongoza vijana wanaocheza ligi kubwa za Ulaya.

Lakini mtu huyu alikuwa anaijua Afrika. Alikuwa amefundisha Coton Sport ya Cameroon, ASEC Mimosas ya Abidjan, Espérance ya Tunis, Wydad ya Casablanca, na Ismaily na Pyramids za Misri. Zaidi ya yote, alikuwa kocha wa Uganda kwenye CAN 2019. Tarehe 22 mwezi wa sita 2019, mjini Cairo, Uganda yake ilishinda Leopards 2-0. Siku ile Uganda haikuwa na majina makubwa kuliko DRC. Ilikuwa na nidhamu: watu kumi walijua mahali pa kusimama wakati mpira uko kwa mpinzani.

Kwa hiyo Desabre alipofika Kinshasa, alikuwa ameshaona kutoka upande wa pili udhaifu wa timu aliyopewa. Na kazi yake ya kwanza ilianza nyuma ya timu, kabla ya washambuliaji.

Kwanza kufunga mlango wa nyuma

Mpango alioutumia mara nyingi ni wa 4-2-3-1. Kwa msomaji asiyependa hesabu za uwanjani, maana yake ni hii: walinzi wanne nyuma, wachezaji wawili wa kati wanaosimama mbele yao kama ukuta wa pili, watu watatu wa kutengeneza mashambulizi, na mshambuliaji mmoja mbele.

Siri ilikuwa kwa wale wawili wa kati. Samuel Moutoussamy na Charles Pickel si watu ambao watoto wa mitaani wanaandika majina yao mgongoni. Hawapigi chenga nyingi, hawafungi magoli mengi. Kazi yao ni kukimbia, kukata mpira, kuupeleka kwa mtu aliye karibu, na kurudi mahali pao. Lakini wakiwa pale, Mbemba na walinzi wenzake hawabaki tena peke yao mbele ya washambuliaji wanaokuja na mbio. Na Arthur Masuaku, mlinzi wa upande wa kushoto anayependa kupanda, anaweza kwenda mbele akijua kwamba kuna mtu anayeziba nafasi yake.

Jambo la pili lilikuwa kuomba washambuliaji wafanye kazi ya kulinda. Wissa, Meschack Elia na Théo Bongonda walitakiwa kurudi upande wao mpira ukipotea. Ni jambo dogo kulisema, lakini kwa timu ya taifa inayokuwa pamoja siku chache tu, ni gumu kulifanya. Kocha wa klabu ana wachezaji wake kila asubuhi. Kocha wa taifa anawapata kwa siku kumi, kisha wanatawanyika. Ndiyo sababu Desabre alipendelea kuita karibu watu walewale kila mara, badala ya kubadilisha orodha nzima kila baada ya matokeo mabaya, kama ilivyozoeleka.

Matokeo yalikuja. Mwezi wa tatu 2023, kwenye uwanja wa TP Mazembe kule Kamalondo, Lubumbashi, DRC ilishinda Mauritania 3-1. Siku chache baadaye ikatoka 1-1 Nouakchott. Mwezi wa sita ilikwenda Franceville, pale pale ilipoaibishwa mwaka wa 2021, na kushinda Gabon 2-0. Mwezi wa tisa ikamaliza kazi kwa kushinda Sudan 2-0 Kinshasa. Mechi nne, ushindi tatu, sare moja. Timu iliyokuwa mkiani ilimaliza ya kwanza katika kundi.

Côte d'Ivoire: kufika mbali bila kushinda sana

CAN iliyochezwa Côte d'Ivoire mwanzoni mwa 2024 ndiyo iliyoonyesha Afrika nzima kwamba kuna kitu kimebadilika. Lakini ukiangalia vizuri namba za mashindano yale, utaona sura mbili za timu hii, ile nzuri na ile ya kutia wasiwasi.

Katika kundi, DRC ilitoka 1-1 na Zambia, 1-1 na Morocco, na 0-0 na Tanzania. Katika hatua ya 16 bora ilitoka 1-1 na Misri, kisha ikapita kwa penalti 8-7. Katika robo fainali ilishinda Guinea 3-1, kwa magoli ya Mbemba, Wissa na mpira wa adhabu wa Masuaku. Katika nusu fainali ilipigwa 1-0 na wenyeji Côte d'Ivoire, kwa goli la Sébastien Haller. Kugombea nafasi ya tatu, ilitoka 0-0 na Afrika Kusini na kupoteza kwa penalti.

Mechi saba, na hakuna hata moja ambamo DRC ilifungwa zaidi ya goli moja. Huo ni ukuta. Lakini katika mechi saba hizo, iliyoshindwa ndani ya dakika 90 ni moja tu, ile ya Guinea. Na magoli yote yaliyofungwa ni 6, nusu yake siku moja. Desabre alikuwa ametengeneza timu ngumu kuiangusha. Hakuwa bado ametengeneza timu inayoangusha wengine.

Hata hivyo, benchi lilianza kuwa silaha. Dhidi ya Morocco, DRC ilikuwa nyuma 1-0 na Cédric Bakambu alikuwa amegongesha penalti kwenye mwamba. Desabre aliingiza watu wapya wenye mbio wakati walinzi wa Morocco walikuwa wamechoka na jua la San-Pédro. Elia akapiga mpira, Silas Katompa akafunga, wote wawili wakiwa wametoka benchi. Timu ya 2022 ingefungwa goli la pili katika hali ile. Timu ya 2024 ilisubiri saa yake.

Mpasi, au faida ya kutombadilisha mtu

Wakati timu inateseka, mashabiki huomba kwanza vichwa vianguke. Fulani atoke, fulani aingie. Kisa cha Lionel Mpasi kinafundisha jambo lingine.

Katika mechi ya kwanza kule Côte d'Ivoire, dhidi ya Zambia, kipa huyu aliyekuwa anachezea Rodez ya ligi ya pili Ufaransa alitoka mbali na goli lake, akapoteza mpira, na Zambia ikafunga goli huku nyavu ziko wazi. Usiku ule, katika nganda na kwenye simu, watu wengi walimhukumu. Ingekuwa rahisi kwa kocha kumweka kando.

Desabre alimwacha golini. Mechi iliyofuata Mpasi alicheza, na iliyofuata pia. Halafu ikaja Misri, na penalti zikaenda mpaka kwa makipa wenyewe. Kipa wa Misri, Gabaski, akagonga mwamba. Mpasi akaweka mpira chini, akapiga, akafunga. DRC ikaingia robo fainali kwa mguu wa mtu ambaye wengi walitaka aondolewe siku 11 mbele.

Ni mtu huyohuyo aliyetolewa Rabat mwezi wa kumi na moja 2025, na akakubali bila kelele. Kocha ambaye amekwisha kumsimamia mchezaji siku mbaya anaweza kumwomba atoke siku nzuri. Imani ya namna hiyo ndani ya kundi haionekani kwenye karatasi ya kikosi, lakini bila hiyo mabadiliko ya dakika ya mwisho huleta ugomvi badala ya ushindi.

Baada ya mechi ile, kocha wa Nigeria Éric Chelle alilalamika kwamba upande wa Congo ulitumia uchawi wakati wa penalti. Watu walicheka sana kutoka Matadi mpaka Kalemie. Lakini ukitazama vizuri, hakuna haja ya kutafuta mganga: kulikuwa na kipa mwenye miguu mipya, na kapiteni mwenye moyo baridi.

Jezi inayovuka mistari ya vita

Kwa wasomaji wa Mashariki, timu hii ina uzito mwingine. Tarehe 7 mwezi wa pili 2024, mbele ya nusu fainali kule Abidjan, wakati wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji waliziba mdomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole viwili vya mkono mwingine kwenye kichwa kama bastola. Walikuwa wanasema kwa dunia kwamba watu wanauawa Mashariki mwa Congo na wengine wananyamaza. Desabre mwenyewe alifanya ishara ileile pamoja nao.

Tangu siku hiyo vita haikupungua. Goma iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Familia nyingi zimekatwa vipande viwili na mistari ya vita. Katika hali hiyo, Leopards wanabaki moja ya vitu vichache ambavyo mtu wa Goma, wa Bunia, wa Uvira na wa Lubumbashi wanaviita bado «vyetu» kwa sauti moja. Goli halimalizi vita, na hakuna anayedanganyika juu ya hilo. Lakini inaeleza kwa nini kupotea kwa timu hii kunaumiza kuliko mchezo wa kawaida.

Damu mpya, mtoto wa Bunia ndani yake

Baada ya CAN, Desabre hakulala. Aliona kwamba ukuta wake unahitaji miguu mipya na kwamba timu inahitaji kutoa mpira nyuma kwa utulivu zaidi. Hapo ndipo ilianza kazi ya kuzungumza na Wacongomani waliokulia Ulaya.

Axel Tuanzebe ni mmoja wao. Alizaliwa Bunia, akapelekwa Uingereza akiwa mtoto, akakulia katika shule ya mpira ya Manchester United na kuchezea timu za vijana za Uingereza. Leo anasimama katika ulinzi wa Leopards. Aaron Wan-Bissaka, naye aliyewahi kuwa Manchester United kisha West Ham, alicheza mechi yake ya kwanza mwezi wa tisa 2025, siku DRC iliposhinda Sudan Kusini 4-1 kule Juba. Ni mlinzi wa kulia ambaye si rahisi kumpita mtu kwa mtu. Katikati wameingia vijana kutoka Ubelgiji, Noah Sadiki na Ngal'ayel Mukau, wenye mapafu ya kukimbia dakika 120.

Je, hii ina maana kwamba wachezaji waliolelewa nyumbani wamesahauliwa? Ukweli ni tofauti. Meschack Elia, aliyeisawazishia DRC dhidi ya Nigeria, alitoka TP Mazembe. Fiston Mayele, aliyefunga goli la kusawazisha kule Dakar mwezi wa sita 2024, alipita AS Vita Club kabla ya Yanga ya Tanzania na Pyramids ya Misri. Henoc Inonga, aliyesimama kando ya Mbemba kule Côte d'Ivoire, alitoka DCMP na wakati ule alikuwa Simba ya Dar es Salaam. Mbemba mwenyewe ni mtoto wa Kinshasa. Nguvu ya timu hii ni mchanganyiko, si upande mmoja kufuta mwingine.

Kuna pia suala la kapiteni. Msimu wa 2024-2025, Mbemba aliwekwa kando na klabu yake ya wakati ule, Marseille, na hakuchezeshwa. Kocha mwingine angesema: mchezaji asiye na mechi hawezi kuvaa utepe. Desabre alimwita kila mara. Mwezi wa kumi na moja 2025, akiwa sasa Lille, Mbemba alifunga goli lililotoa Cameroon dakika ya 91, na siku tatu baadaye akafunga penalti ya mwisho dhidi ya Nigeria.

Usiku mbaya wa Senegal

Njia haikuwa nyoofu. Tarehe 9 mwezi wa tisa 2025, Senegal ilikuja Kinshasa. DRC ilikuwa ya kwanza katika kundi na pointi 16, Senegal ya pili na 15. Ushindi ungeipa DRC pengo la pointi nne, na mechi mbili tu zimebaki. Tiketi ya moja kwa moja ilikuwa karibu kushikwa mkononi.

Bakambu alifunga. Wissa akafunga la pili. Dakika ya 33, uwanja wa Martyrs ulikuwa tayari unaimba. Halafu Pape Gueye akapunguza kabla ya mapumziko, Nicolas Jackson akasawazisha, na dakika ya 87 Pape Matar Sarr akafunga la tatu. 2-3. Na juu ya yote, Wissa aliyekuwa ametoka tu kununuliwa na Newcastle akaumia goti.

Kilichotokea siku ile kilikuwa kinyume cha kila kitu Desabre alichojenga. Kwa 2-0, timu iliendelea kucheza kama inatafuta la tatu. Katikati pakafunguka, Senegal yenye nguvu ikapita pale pale ambapo Morocco ilipita mwaka wa 2022. Wengi walidhani kwamba ugonjwa wa zamani umerudi.

Jibu: magoli machache, hesabu kali

Kocha hakupindua kila kitu. Alirudi kwenye msingi. Mwezi wa kumi, DRC ilikwenda Togo na kushinda 1-0 kwa goli la mapema la Bakambu. Siku nne baadaye ikashinda Sudan 1-0 Kinshasa kwa goli la Bongonda. Mwezi wa kumi na moja, Cameroon 1-0. Kisha Nigeria 1-1, goli la Frank Onyeka likiingia dakika ya tatu tu.

Mechi nne baada ya Senegal, goli moja tu limeruhusiwa, hata ukihesabu dakika 30 za nyongeza. Safari hii, ilipokuwa mbele, timu ilishuka pamoja, ikafunga njia za katikati, na kumwachia mpinzani pembeni ambako Wan-Bissaka na Masuaku wanasubiri. Ilipokuwa nyuma dhidi ya Nigeria, haikukimbia ovyo. Ilichukua karibu nusu saa kabla ya Elia kusawazisha dakika ya 32.

Katika kundi, DRC ilimaliza ya pili na pointi 22, mbili nyuma ya Senegal. Ilishinda mechi 7, ikatoka sare moja, ikapoteza 2. Ilifunga magoli 15 na kufungwa 6, nusu ya hayo sita usiku mmoja wa Senegal. Wazee wanakumbuka kwamba kwa Kombe la Dunia 2018, chini ya Florent Ibenge, DRC ilikosa nafasi kwa pointi moja tu nyuma ya Tunisia. Safari hii kulikuwa na mlango wa pili, na timu ilijua kuusukuma.

Kazi iliyobaki

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja 2025, furaha ilikuwa na haki yake. Lakini maswali matatu hayakuweza kufichwa.

La kwanza ni magoli. Ukitoa Juba, DRC ilikuwa inashinda kwa goli moja au mawili. Timu inayoishi kwa 1-0 inaweza kufa kwa 0-1, kosa moja likitosha. Bila Wissa, mzigo ulibaki kwa Bakambu aliyekuwa na miaka 34. Desabre alipaswa kutafuta nani atafunga kama Bakambu amechoka: Mayele, Elia, Bongonda, Nathanaël Mbuku au mwingine.

La pili ni Mbemba. Goli la Cameroon ni lake, penalti ya Nigeria ni yake, ulinzi unaongozwa naye. Siku moja ataumia au atapewa kadi. Tuanzebe na wenzake lazima waonyeshe kwamba nyumba inasimama hata nguzo moja ikitoka.

La tatu ni namna ya kucheza na timu zinazokaa nyuma. DRC iko vizuri zaidi inapokutana na timu kubwa inayokuja mbele. Mwezi wa kumi na moja 2024, ikiwa imekwisha kufuzu kwa CAN na imebadilisha kikosi, ilipigwa 2-1 na Ethiopia nyumbani. Mexico, mpinzani alitarajiwa kuwa Jamaica au New Caledonia. Safari hii Leopards ndio waliotakiwa kufungua mlango wa mwingine.

CAN ya Morocco, iliyoanza tarehe 21 mwezi wa kumi na mbili 2025, ilikuwa nafasi ya kutoa majibu ya kwanza. DRC ilikuwa pamoja na Senegal, Benin na Botswana. Mechi ya Senegal ilikuwa ya kupima ulinzi. Za Benin na Botswana zilikuwa za kupima kama timu imejifunza kushambulia.

Mwaka wa 1974, wazee walikwenda Ujerumani Magharibi wakiwa mabingwa wa Afrika na kurudi bila goli hata moja, wakiwa wamefungwa 14, 9 kati yake na Yugoslavia siku moja. Miaka 51 kizazi baada ya kizazi kimebeba kumbukumbu ile. Mwishoni mwa 2025 ilikuwa imebaki mechi moja kupata nafasi ya kuandika nyingine, na timu iliyotakiwa kuicheza ni ileile iliyokuwa na pointi sifuri mwezi wa sita 2022.